Nani Ataamka Kamera Ikiona?

Kwenye malango ya Nyarutarama, mtaa wa majumba makubwa jijini Kigali, kuna walinzi wa aina tatu, na kila mmoja jina lake limetoka mbali. Wa kwanza ni umuzamu, yule anayekaa kibandani kando ya geti. Jina hilo ni letu: Wanyarwanda walichukua "zamu" ya Kiswahili wakaifanya mtu. Wa pili ni wa irondo, doria ya usiku ya mtaa, neno linalofanana mno na ronde ya Kifaransa kuwa bahati tu. Wa tatu halali, haombi chai wala hadai mshahara. Ni kamera, imebanwa juu ya ukuta, inamtazama kila anayebonyeza kengele.

Huyu wa tatu ndiye anayezungumzwa sasa, na si Kigali tu. Majumba ya Nyarutarama yamekuwa na kamera zake binafsi kwa miaka, kila moja ikichunga geti lake. Hoja inayorudi kila wizi unapotokea ni ya kamera za mtaa mzima: umudugudu, yaani kitongoji, uchangishe, ununue kamera zisizotumia waya, zipandishwe kwenye nguzo za barabarani, picha ziende ofisi ya sekta au polisi. Bei zimeshuka, fundi hahitaji tena kuchimba mtaro wa nyaya, na mtandao wa 4G umeenea nchini tangu ulipozinduliwa mwaka 2014. Kwa nini tusifanye?

Mimi si mpinzani wa kamera. Nimezifunga, nimezirekebisha, nimekula kwa jasho la kazi hiyo. Ila nimejifunza kuipima kamera ya mtaa kwa dakika: tangu picha itokee kwenye kioo hadi mtu mwenye tochi afike pale. Dakika zikiwa tano, mna ulinzi. Zikiwa arobaini, mna filamu ya wizi wenu.

Anayetaka kuona kamera inayofanya kazi Rwanda asiende Nyarutarama, ashuke barabara kuu. Kamera za mwendokasi, ambazo madereva wamezibatiza jina la Sofia, zilibadilisha namna watu wanavyoendesha gari kwa kasi ambayo semina za usalama barabarani hazikuwahi kuifikia. Siri ya Sofia ni ujumbe wa simu. Umepita, amekuona, faini inaingia kwenye simu yako kabla hujasahau ulikuwa unawahi wapi. Kelele zilikuwa kubwa, na mwaka 2021 malalamiko kuhusu mwendo mdogo uliowekwa katika baadhi ya barabara yalimfikia hadi Rais Kagame, aliyekubali hadharani kwamba wananchi walikuwa na hoja. Hata hivyo hakuna aliyesema Sofia ni pambo. Anajua gari ni la nani, anajua kosa ni lipi, na adhabu inamfuata mtu nyumbani. Mwizi aliyeruka ukuta saa nane usiku hana namba mgongoni.

Hapo ndipo hesabu inapoanza, na naomba msomaji avumilie kidogo. Viwango vya Ulaya vya kamera za ulinzi vinasema ili umtambue mtu usiyemjua, picha iwe na pikseli 250 kwa kila mita ya upana. Kamera ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya: chini ya mita nane. Nje ya upana huo unaona kwamba kuna mtu, pengine unaona amevaa kofia, lakini sura hupati. Kamera moja iliyowekwa juu ya nguzo ili "ione barabara yote" kwa kweli haimjui mtu yeyote katika barabara hiyo. Kamera hiyohiyo ikishushwa na kuelekezwa kwenye kona nyembamba ambapo kila mpitaji lazima apite, inaanza kuwa na maana. Nimewaona viongozi wa mitaa wakitaka kamera ndefu juu, za kutisha, kama mnara wa msikiti. Za kutisha hutisha wiki mbili.

Kisha picha lazima zihifadhiwe. Chukua kamera 16, kila moja ikituma megabiti 2 kwa sekunde, kiwango cha wastani tu. Kwa siku kila moja inazalisha gigabaiti 21 na ushee. Kwa siku 30, zote pamoja zinakaribia terabaiti 10 na nusu. Ukitaka kuzipitisha kwenye laini ya simu, kila kamera itakula karibu gigabaiti 650 kwa mwezi. Mweka hazina wa umudugudu akiiona bili hiyo atajiuzulu. Kwa hiyo mitambo ya bei nafuu hupunguza ubora wa picha, au hurekodi pale tu kitu kinapotikisika, au hufuta picha za zamani baada ya siku chache bila kumwambia mtu.

Na hilo "bila waya" nalo lina maneno yake. Kamera isiyo na waya ina waya mmoja, wa umeme, na umeme ukikatika usiku ndipo wenye nia mbaya hutoka. Mawimbi ya redio hupenda kuonana uso kwa uso. Milima ya Kigali husaidia, kwa sababu antena iliyo kilima kimoja huona kilima cha pili bila kizuizi, lakini miti ya bustani za Nyarutarama, iliyoloa mvua za Aprili, hunyonya mawimbi kama sifongo. Mbaya zaidi, mawimbi huzibwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 polisi wa Edina, mji wa matajiri katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walishuku kwamba wezi walikuwa wakibeba vifaa vya kuziba waifai kabla ya kuingia nyumbani. Kama shaka hiyo ni kweli, kamera haikuvunjwa. Ilinyamazishwa tu. Halafu kuna suala la nywila: mnamo Oktoba 2016 maelfu ya kamera na vifaa vingine vya majumbani, vilivyoachwa na nywila za kiwandani, vilitekwa na programu iitwayo Mirai na kutumiwa kuangusha sehemu kubwa ya intaneti ya Marekani kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Kamera iliendelea kuwaonyesha geti lao.

Utafiti unasema nini basi? Eric Piza, Brandon Welsh, David Farrington na mwenzao walikusanya tathmini za miaka 40 kutoka nchi mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Palipowekwa kamera, uhalifu ulishuka kwa wastani wa asilimia 13 hivi ukilinganisha na pasipowekwa. Ni kitu, si muujiza. Maegesho ya magari ndiyo yaliyofaidika zaidi. Katika uhalifu wa kutumia nguvu hawakuona athari ya maana. Na kamera zilizokuwa na mtu anayezitazama muda wote, zikienda sambamba na hatua nyingine za ulinzi, zilishinda zile zilizoachwa zijirekodie zenyewe. Maegesho yana faida gani? Yana mlango mmoja au miwili, mali inayokaa mahali pamoja, na mlinzi aliye hatua thelathini. Majumba ya Nyarutarama yenye kuta na barabara za lami zilizonyooka yanafanana na maegesho kuliko wenyewe wanavyopenda kukiri. Vichochoro vya mitaa ya mabondeni havifanani hata kidogo.

Majirani zetu wamekwisha kulijaribu jambo hili kwa kiwango cha taifa. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, lililoua watu 67, serikali ya Kenya iliipa Safaricom mkataba wa karibu shilingi bilioni 15 mwaka 2014. Kamera 1,800 zikawekwa Nairobi na Mombasa, vituo vya polisi 195 vikaunganishwa, picha zikisafiri kwa mtandao wa 4G uliojengwa kwa mitambo ya Huawei. Kampuni hiyo ya Kichina ilijigamba kwamba uhalifu katika maeneo yaliyohusika ulishuka kwa asilimia 46 mwaka 2015. Taasisi ya utafiti ya CSIS ya Washington ilipolinganisha majigambo hayo na takwimu za polisi wa Kenya wenyewe, katika ripoti ya 2019, iliona upungufu mdogo zaidi mwaka ule, na kufikia 2017 matukio yaliyoripotiwa Nairobi yalikuwa yamepanda tena sana. Muuzaji hawezi kuwa mtahini wa bidhaa yake. Hilo hata muuza maembe wa soko la Kimironko analijua.

Uganda ilifuata. Andrew Felix Kaweesi, ofisa wa ngazi ya juu wa polisi, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake Machi 2017, na Rais Museveni akaamuru kamera ziwekwe. Mradi wa Huawei wa dola milioni 126 ukaleta maelfu ya kamera Kampala. Juni 2021 watu waliopanda pikipiki walimmiminia risasi Jenerali Katumba Wamala. Alinusurika, binti yake na dereva wake wakafa. Kamera zilinasa pikipiki zile. Zilisaidia upelelezi, hazikuzuia kidole. Na miezi michache kabla, Novemba 2020, kamera hizohizo zilitumika kuwasaka walioandamana baada ya kukamatwa kwa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Mtambo ulionunuliwa kwa ajili ya wauaji ulipata kazi ya pili bila mkataba mpya. Hakuna fundi aliyepanda nguzoni.

Kutoka huko juu, turudi kwenye umudugudu. Rwanda ina kitu ambacho Nairobi ilitamani mno hadi ikakianzishia kampeni ya Nyumba Kumi mwaka 2013: macho ya majirani yaliyopangwa. Umudugudu una mkuu wake na mwenye kuangalia usalama. Juu yake kuna akagari, kisha sekta ya Remera, kisha wilaya ya Gasabo. Irondo ya siku hizi, inayoitwa ya kitaaluma, ina watu wanaolipwa kwa mchango wa kila kaya. Kuna DASSO, chombo cha usalama cha wilaya kilichoundwa kwa sheria ya 2013 kuchukua nafasi ya ile Local Defence ya zamani. Kuna 112 ya polisi. Ukweli ni kwamba mgeni asiyejulikana akilala siku tatu katika umudugudu wa Kigali, kuna mtu atakuwa ameuliza ni nani. Wengine hulisifu hilo na wengine linawabana kifua, na wote wana sababu. Lakini kwa mhandisi kama mimi maana yake ni moja: mtaa huu una miguu tayari. Miji mingi yenye kamera haina.

Kwa hiyo picha isiende mbali. Kosa ninaloliona katika mapendekezo mengi ni kutaka chumba kikubwa cha kioo ofisini, chenye skrini za ukutani, ambacho waziri akija anaonyeshwa. Mtu anayetazama skrini kumi na sita huchoka kabla saa haijaisha. Macho yanabaki wazi, akili imeondoka. Tumeni tahadhari, picha moja tu, kwa simu ya kiongozi wa irondo aliye zamu usiku huo. Yeye anajua kwamba yule anayepita saa kumi alfajiri ni mwokaji mikate. Mpeni redio, koti la mvua na tochi yenye betri. Mnacheka, lakini nimeona bajeti yenye kamera za mamilioni ambayo haikuwa na betri za tochi.

Na kabla ya kamera, taa. Mwaka 2016 New York iliweka minara ya taa kali katika baadhi ya makazi ya umma, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakakadiria kwamba uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulishuka kwa asilimia 36 hivi. Linganisha na 13 ya kamera, ingawa ni vipimo vya mahali tofauti. Taa ina adabu: haimrekodi mtu, inamsaidia mama anayetoka kazini kama inavyomsaidia mlinzi, na kamera yenyewe bila taa hutoa picha ya kijivu ambayo kila mtu ndani yake ni mzuka.

Niseme pia habari ya saa. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye makazi fulani ya ukuta mmoja, mji nitauacha, baada ya wizi. Kamera zilikuwa za gharama. Rekoda ilikuwa kwenye kibanda cha walinzi, chini ya meza, na juu yake kuna birika. Mwenye nyumba alikuwa safarini, wizi uligunduliwa siku ya sita, diski ilikuwa inajifuta kila siku ya nne. Tukabahatika kupata kipande kutoka kamera ya jirani, kijana amebeba televisheni, sura iko wazi kabisa. Lakini saa ya rekoda ile ilikuwa nyuma kwa siku moja na saa tatu. Kwa saa iliyoandikwa pale, kijana alikuwa na mashahidi kwamba yuko harusini. Alikuwa harusini kweli, jana yake. Kesi ikafia pale, na mwenyekiti wa wakazi akanilaumu mimi, niliyefika siku ya saba.

Sheria nayo imeingia. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi chini ya Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Anayekusanya lazima ajisajili, aseme anakusanya kwa lengo gani, na taarifa zikivuja aijulishe mamlaka ndani ya saa 48. Taarifa zihifadhiwe ndani ya Rwanda, isipokuwa kwa kibali. Sasa fikiri kamera za bei poa zinazouzwa mjini, zile zinazounganishwa na programu ya simu: nyingi picha zake hupitia seva zilizo ng'ambo ambazo mwenye kamera hajui ziko wapi. Kwa jina la nani basi umudugudu utajisajili? Umudugudu si shirika. Hata wilaya za Kigali, tangu sheria ya jiji ya mwaka 2019, hazina tena utu wa kisheria; lenye utu huo ni Jiji la Kigali. Mkuu wa umudugudu, ambaye ni mtu wa kujitolea, anaweza kujikuta ameshika rekoda ya picha za mabalozi, wapenzi, watoto wa shule na wadaiwa bila karatasi yoyote inayosema ni ya nani.

Hayo si mambo ya kufikirika. Mwaka 1995 kamera ya halmashauri ya Brentwood, Uingereza, ilimwona mtu mitaani ameshika kisu. Mtazamaji akaita polisi, na yule mtu, aliyekuwa amejaribu kujiua, akaokolewa. Mpaka hapo kamera inastahili pongezi, na nazitoa. Halafu halmashauri, kwa furaha ya kuonyesha kazi yake, ikazigawa picha kwa vyombo vya habari, na majirani wakamtambua. Alihangaika mahakamani hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyompa haki mwaka 2003. Leo halmashauri haihitaji hata televisheni. Kundi la WhatsApp la wakazi linatosha, na nani asiyewahi kuona humo picha ya "mshukiwa" ambaye baadaye ikajulikana ni kijana aliyetumwa kupeleka gesi?

Nairobi ilitupa somo jingine, chungu zaidi. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alifia mikononi mwa polisi katika kituo kikuu cha Nairobi. Kituo kilikuwa na kamera. Mamlaka huru ya kuwachunguza polisi ilipofika iligundua kwamba mfumo wa kamera ulikuwa umechezewa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi hivyo kwamba swali la kwanza ni nani mwenye ufunguo wa kabati la rekoda. Wanaovutana kuhusu kamera hubishana juu ya lenzi. Mimi ningebishana juu ya kufuli: funguo mbili, mmoja kwa sekta na mwingine kwa mkazi aliyechaguliwa na mkutano, na daftari la karatasi linaloandikwa jina la kila aliyefungua, saa na sababu. Kwa kufanya hivyo kamera inamchunga hata yule wa irondo akimpiga mpita njia, jambo ambalo wakazi wa miji yetu hawalisemi kwa sauti.

Kuna jambo la Nyarutarama pekee. Bondeni, chini ya majumba, palikuwa na Kangondo na Kibiraro, mahali ambapo mji mzima ulipaita Bannyahe, jina la kejeli linalouliza wakazi wake hujisaidia wapi. Mwaka 2017 Jiji lilitangaza kuwahamishia kwenye nyumba za ghorofa huko Busanza, wilaya ya Kicukiro. Wengi walikataa, wakitaka fidia ya fedha taslimu, mabishano yakafika mahakamani, na Septemba 2022 nyumba za mwisho zikabomolewa. Faida na hasara ya uhamisho ule si mada yangu leo. Ila wapishi, mafundi na akina umuzamu wa majumba ya juu wengi walilala pale, mwendo wa dakika kumi, na walijuana kwa majina hadi ya utani. Walipohamishwa, kilima kilipoteza macho mengi kwa mpigo, na sehemu ya hamu ya kamera naona ni pengo hilo. Kama kungekuwa na kamera za mtaa mwaka 2016, zingeelekezwa wapi? Kila mtu anajua: bondeni. Zingemrekodi umuzamu akienda kazini kila jioni kama mshukiwa, na gari lenye vioo vyeusi lingepita mgongoni mwake bila kuonekana.

Mwisho ni fedha. Halmashauri ya Westminster, katikati ya London, ilikuwa kati ya za mwanzo duniani kujaribu kamera za bila waya mitaani, huko Soho, miaka ya mwanzo ya 2000. Mwaka 2016 iliamua kuzizima kamera zake, kwa sababu mitambo ilikuwa imezeeka na kuibadilisha kungegharimu mno. Ikiwa Westminster ilishindwa kulipia mwaka wa kumi na kitu, umudugudu wenye kaya mia mbili uweke akiba tangu mwaka wa kwanza, au ununue chache. Kamera nne kwenye kona nne zenye taa, diski ya siku 30, betri ya saa nane, na irondo yenye redio: hiyo ndiyo orodha yangu, na fundi yeyote atakayekuuzia zaidi ya hapo mwambie alete maelezo kwa maandishi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya wakazi, ukiisha, majembe yakikung'utwa udongo, wakazi huketi kwa mkutano. Mchango wa kamera ukiletwa siku hiyo, nitanyoosha mkono kabla ya kutoa hata faranga moja, nimwombe mkuu wa umudugudu atupeleke wote ilipo rekoda. Nitataka kuona saa yake inasema saa ngapi, kisha niangalie yangu.